Ndege ilianguka zamani, iko porini bila jina: namna gani wanaitambuaka?



Leo tuzungumuze juu ya kitu kimoja chenye kinaweza kukupata kazini, hata kama haujakifikiria. Umetumwa porini. Pengine uko mujeolojia, pengine unapima ardhi, pengine unachunga wanyama wa parke, ao unapitisha chanjo mu vijiji vya mbali. Siku ya ine, mbali na barabara, unaona kipande cha chuma cheupe ndani ya majani. Unakikaribia: hakina kutu. Kiko na tundu ndogo-ndogo zenye kupangwa sawasawa kama mushono wa nguo. Mbele kidogo kuna moteri, na muti umeota katikati yake. Ni ndege. Ilianguka zamani sana. Ilikuwa ya nani? Nani alikuwa ndani? Na wewe, sasa, utafanya nini?

Musifikiri hii ni hadisi ya filme. Mwaka 1958, kijana mumoja mwenye alikuwa anafanya kazi kwenye mabaraje ya umeme ya milima ya Snowy, Australia, alitoka kutembea siku ya mapumziko, akakutana na mabaki ya ndege ya abiria yenye ilikuwa imepotea tangu miaka 27. Mwaka ule ule, wajeolojia wenye walikuwa wanatafuta petroli waliona ndege ya vita imelala mu jangwa la Libya. Mwaka 1961, mupimaji wa ardhi mu jangwa la Tanami, Australia, alikutana na mifupa ya ndege ya mwaka 1929. Hakuna hata mumoja kati yao mwenye alikuwa anatafuta ndege. Walikuwa watu wa kazi, sawa vile wengi kati yetu.

Jambo lenye ninataka ubakie nalo ni hili: ndege inapata tena jina lake wakati vitu viwili vinakutana. Cha kwanza ni alama ndogo juu ya chuma, kule porini. Cha pili ni karatasi yenye mutu fulani alichunga vizuri, kule mu biro. Kimoja kikipotea, wafu wanabaki bila jina na familia zao zinabaki bila jibu. Tuone namna gani kazi hiyo inafanyika.

1. KWA NINI AUSTRALIA?

Australia ni inchi kubwa zaidi ya mara tatu kuliko Congo yetu, lakini watu wengi wanaishi kando-kando ya bahari. Katikati na kaskazini ni mapori makavu na majangwa, fasi unaweza kutembea siku nyingi bila kuona nyumba. Juu ya umbali huo, watu wa kule walianza kutumia ndege mapema sana, wakati ndege ingali ya mbao na kitambaa, bila redio.

Kisha vita ikakuja. Tarehe 19 Februari 1942, ndege za Japani zilipiga muji wa Darwin, upande wa kaskazini, na mashambulio yaliendelea mpaka Novemba 1943. Ndege za Australia, za Marekani, za Uingereza, za Uholanzi na za Japani zilipita mu anga hiyo. Zingine zilipigwa risasi. Zingine zilipotea njia, zikaisha mafuta, ao zikaingia mu mawingu ya mvua kali na hazikutoka. Ndiyo sababu mupaka leo mabaki ya ndege ingali inaonekana kule, na kila mara swali ni lile lile: hii ni ndege gani?

2. MWANZO WA KAZI: MIKONO NYUMA

Mutu akiona kitu cha zamani, mikono inawashaka. Anataka kuokota. Lakini saa ya kwanza njo inaweza kuharibu yote.

Kuna hatari ya mwili kwanza. Ndege ya vita inaweza kuwa na risasi na bombi zenye hazikulipuka, na miaka makumi nane haizifanye kuwa salama. Saa na vipimo vya mbele ya piloti vya wakati ule vilipakwa rangi yenye kuangaza usiku, na ndani ya rangi hiyo kulikuwa radiumu. Ile mwangaza imekwisha, lakini radiumu ingali pale, na unga wake ukiuvuta mu pua ni sumu. Tena kama kuna mifupa ya mutu, ile si kitu cha kugusa: polisi ndiyo inaitwa kwanza.

Kisha kuna hatari ya habari kupotea. Namna vipande vimelala ni maandishi. Vipande vikiwa vimekusanyika ndani ya shimo moja, ndege iliingia na pua chini. Vikitapanyika juu ya mustari murefu, ilikuwa inakuja karibu sawa na udongo, kama mutu mwenye anajaribu kutua. Aluminiumu ikiwa imeyeyuka na kukauka kama maji ya mushumaa, kulikuwa moto wenye ulipita digri 660. Ukihamisha vipande, umefuta hayo maandishi.

Basi fanya nini? Piga picha, ya mbali na ya karibu. Weka kitu chenye watu wanajua ukubwa wake pembeni, hata bike. Andika fasi kwa GPS ya simu, uandike numero zote, tena uandike ku karatasi pia, juu simu inakufaka.

Mufano wa Kookaburra unaonyesha sababu. Mwezi wa ine mwaka 1929, piloti Keith Anderson na fundi wake Bob Hitchcock walitoka Alice Springs na ndege ndogo yenye waliita Kookaburra, jina la ndege mumoja wa pori la Australia. Walikuwa wanaenda kutafuta wenzao, Charles Kingsford Smith na Charles Ulm, wenye walikuwa wametua kwa lazima upande wa kaskazini-mangaribi. Njiani moteri ikasumbua, wakatua katikati ya jangwa la Tanami. Moteri waliweza kuitengeneza, lakini udongo ulijaa vichaka na ndege haikuweza kuruka tena. Maji yalikuwa kidogo sana. Walikufa kwa kiu. Mbele ya kufa, Anderson aliandika habari zao juu ya kitambaa cha mukia wa ndege. Wale wenye walikuwa wanatafuta, kumbe walipatikana wazima.

Miili ya Anderson na Hitchcock ilichukuliwa, ndege ikabaki. Miaka ikapita, hakuna mwenye alijua tena fasi kamili. Mwaka 1961, yule mupimaji wa ardhi akaikuta kwa bahati. Unafikiri hapo hadisi iliisha? Hapana. Watu walirudia kuitafuta na hawakuiona. Ilifaa kungoja mwaka 1978, wakati Dick Smith, mufanyabiashara wa Australia, alipanga safari yake ya pili ya kuitafuta, ndipo ikapatikana tena. Leo mabaki yake yanachungwa Alice Springs. Ndege yenye kila mutu alijua jina lake ilipotea mara mbili, juu fasi yake haikujulikana sawasawa. Jangwa halina avenue wala numero ya parcelle.

3. NI NDEGE YA AINA GANI?

Swali la kwanza haliko "ni ndege ya nani?" Swali la kwanza ni "ni ndege ya aina gani?" Na hapa moteri ndiyo inasema ya kwanza, juu moteri ni nzito, moto hauimalizi, na watu hawawezi kuibeba kwa kichwa.

Hesabu moteri ziko ngapi. Angalia silinda: zimepangwa kwa muviringo kama petali za maua, ao kwa mistari miwili yenye kuachana kama herufi V? Ziko saba, tisa, kumi na ine? Kila jibu linafunga mulango kwa ndege nyingi na kubakisha chache.

Turudi kwa yule kijana wa 1958. Alikutana na mabomba ya chuma yenye kupindika, yenye kutu, ndani ya pori zito la mulimani. Ile ndege ilikuwa Southern Cloud. Tarehe 21 Machi 1931 ilitoka Sydney kwenda Melbourne na watu 8, na haikufika. Ilikuwa ndege ya moteri tatu, mabawa ya mbao, mwili wa mabomba ya chuma yenye kufunikwa na kitambaa. Mbao na kitambaa viliisha. Mabomba na moteri zikabaki. Sasa ufikiri kama mutafiti: ndege ya abiria, moteri tatu, ya muundo wa zamani, karibu na njia ya Sydney na Melbourne, na yenye haikurudi. Zilikuwa ngapi? Moja tu. Hii njia ya kuondoa moja-moja mpaka ibaki ile ya kweli ndiyo kazi kubwa ya kutambua.

Lakini mujihazari na mutego. Moteri moja inaweza kuwa ndani ya ndege za aina nyingi. Kuna moteri ya Marekani yenye silinda 14, jina lake R-1830. Ilikuwa ku ndege ya mizigo DC-3, ku bombardieri B-24, ku ndege ya majini Catalina, na ku Beaufort zenye zilitengenezwa Australia. Mutu mwenye anaona moteri hiyo porini na kusema mara moja "hii ni DC-3", amekimbia sana. Moteri inapunguza orodha, haimalizi orodha.

4. NUMERO NDOGO NA RANGI

Kiwanda cha ndege kinaandika numero juu ya kila kipande, sawa vile fundi cherehani anaandika alama nyuma ya kitambaa ili asichanganye mukono wa kuume na wa kushoto. Numero hiyo iko inachapwa ku chuma, ao inaandikwa na wino ndani-ndani, fasi jua halikufika. Mara mingi tarakimu za kwanza ndizo zinasema aina ya ndege. Vipande vya ndege ya vita P-40 ya kiwanda Curtiss vinaanzaka na 87. Vya B-24 vinaanzaka na 32. Vya Spitfire za kwanza vinaanzaka na 300, na zile Spitfire za kupigania Darwin ziko na vipande vya 349. Kwa hiyo kipande kidogo kama kiganja cha mukono kinaweza kutaja aina ya ndege nzima.

Tena uwe mwangalifu. Kiwanda kikibadilisha muundo, hakibadilishi kila kipande. Ndani ya Spitfire ya nyuma utakuta vipande vingi vya 300, juu vilibaki vile vile tangu mwanzo. Basi watafiti hawatafute numero ya kwanza yenye wanaona. Wanatafuta ile yenye iko ya mwisho kutokea. Kipande kimoja cha 349 kinashinda makumi ya vipande vya 300.

Rangi pia inasema. Mbele ya 1942, alama ya jeshi la anga la Australia ilikuwa na nukta nyekundu katikati. Lakini alama ya Japani ni jua jekundu, na mu vita mutu anapiga risasi kabla ya kuangalia vizuri. Kwa hiyo mu mwaka 1942 Australia na Marekani waliondoa ile nyekundu. Ukikuta bawa lenye nukta nyekundu ndani ya buluu na nyeupe, ilipakwa mbele ya mageuzi hayo. Na maganda ya risasi: chini yake kuna herufi za kiwanda na mwaka. Ganda la mwaka 42 linasema kwamba ndege hii haikuanguka mu 1941. Halisemi tarehe ya kuanguka, linafunga tu mulango wa nyuma. Lakini kufunga mulango ndiyo kazi yetu.

5. NI ILE GANI KATI YA ZOTE?

Sasa tunajua aina. Lakini B-24 zilitengenezwa zaidi ya 18.000. Ni gani kati ya hizo?

Ndege iko na jina lake kamili kama vile gari iko na plake. Ndege za kiraia ziko na herufi za inchi: za Congo leo zinaanza na 9Q, wakati wa Wabelgiji zilianza na OO-C. Za Australia ziliandikwa G-AU mpaka 1929, kisha VH. Kookaburra ilikuwa G-AUKA. Southern Cloud, yenye ilibaki mu orodha kisha mageuzi, ilikuwa VH-UMF. Herufi hizo zenyewe zinakupatia tayari wakati.

Jeshi la anga la Australia liliipa kila aina numero yenye kuanza na A: A29 ni P-40, A58 ni Spitfire, kisha kistari, kisha numero ya ndege yenyewe. Wamarekani walitumia mwaka wa feza ya bajeti. Ile ndege ya Libya yenye nilitaja mwanzo ilikuwa B-24 numero 41-24301: iliagizwa mu bajeti ya 1941. Ku mukia waliandika 124301, waliondoa 4 ya kwanza. Mutu mwenye hajui desturi hiyo anaweza kutafuta numero yenye haiko mu kitabu chochote.

Kisha kuna plake ndogo ya kiwanda, mara mingi ndani ya chumba cha piloti, yenye numero ya kutengenezwa. Ikipatikana, kazi karibu imekwisha. Lakini plake hiyo ndiyo ya kwanza kuibiwa. Inaingia mu mufuko, inakuwa zawadi, inawekwa juu ya meza ya mutu fulani, na kisha kufa kwake watoto wake wanaitupa. Hawakujua kama walitupa jina la watu.

Na ukikuta numero ya moteri, usishangilie haraka. Moteri zinatolewa na kubadilishwa. Moteri yenye ilitoka kiwandani ndani ya ndege moja inaweza kumalizia maisha yake ndani ya ingine. Numero ya moteri inakupeleka ku kitabu cha moteri, na kitabu hicho ndicho kinakuambia ilikuwa ku ndege gani siku ya mwisho. Hapa tunaingia ku upande wa pili.

6. KARATASI NJO INAMALIZA

Kuanzia 1943, Wamarekani walikuwa na fomu kwa kila ndege yenye haikurudi. Mwenye kujaza aliandika majina ya watu, njia, hali ya anga, mutu wa mwisho mwenye aliiona, na numero ya kila moteri na ya kila bunduki ya ndani. Fikiria karani mumoja, usiku, mu hema yenye joto, anakopia numero za bunduki kumi za ndege yenye imekwisha kupotea. Pengine aliona ni kazi ya bure. Miaka makumi inapita, mutu anasafisha bunduki yenye kutu porini, anasoma numero, na ile karatasi inamupatia majina ya watu kumi.

Lakini karatasi pia inaweza kukosea, na hapo chuma inaisahihisha. Ile B-24 ya Libya iliitwa Lady Be Good. Tarehe 4 Aprili 1943 ilienda kupiga Napoli, Italia, na wanajeshi 9. Haikurudi. Dosie ya jeshi iliandika kwamba inaaminika ilianguka mu bahari ya Mediterania. Ilikuwa mawazo ya akili: njia ilipita juu ya bahari. Kumbe usiku, wakirudi, walipita juu ya kambi yao bila kujua, wakaendelea ndani ya jangwa wakifikiri wangali juu ya maji. Ndege ilikutwa karibu kilometre 700 ndani ya inchi.

Wakati wachunguzi walifika mu 1959, walikuta ndege bila mutu hata mumoja ndani, na parashiti hazikuwemo. Vitu viwili hivyo vilisema tayari: waliruka. Mu 1960 mabaki ya watu 8 yalipatikana mbali upande wa kaskazini, na kitabu kidogo chenye piloti wa pili aliandika siku kwa siku. Walitembea mu muchanga zaidi ya kilometre 100 karibu bila maji. Wa tisa hakupatikana mupaka leo. Miaka 15 familia ziliambiwa "bahari". Jibu la kweli lilikuwa lingine, na lilitoka ku mukia wa ndege wenye numero ingali inasomeka.

7. WAKATI NDEGE INAMURUDISHIA MUTU JINA LAKE

Hii ndiyo yenye iliniguza zaidi. Ile siku ya Darwin, 19 Februari 1942, ndege moja ya Japani aina ya Zero ilipigwa, ikapoteza mafuta ya moteri, piloti akatua kwa nguvu ku kisiwa cha Melville, kaskazini ya Darwin. Alikuwa muzima. Matthias Ulungura, mwenyeji wa kisiwa, mutu wa kabila la Watiwi, alimukamata. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mutu wa kwanza kukamata mufungwa wa vita ku udongo wa Australia.

Mufungwa alisema jina lake ni Tadao Minami. Kwa wanajeshi wa Japani wa wakati ule, kukamatwa muzima ilikuwa haya kubwa. Wengi walificha jina ili jamaa zao wasijue. Alipelekwa ku kambi ya Cowra. Mu mwezi wa munane 1944, wafungwa wa Japani wa pale walijaribu kutoroka kwa pamoja, na yeye akafa humo. Alizikwa na jina lile la uongo.

Lakini ndege haikusema uongo. Ku mukia wake kulikuwa alama BII-124. BII ilikuwa alama ya ndege za manowari Hiryu. Kisha vita, watafiti walilinganisha alama hiyo na karatasi za Japani: nani alitoka ku Hiryu asubuhi ile na hakurudi? Jibu: Hajime Toyoshima. Alama ya rangi, orodha ya manowari, na mutu aliyezikwa kama mutu mwingine akapata jina lake. Mabaki ya Zero hiyo yako mu makumbusho ya ndege ya Darwin leo.

8. NA SISI?

Mutu ataniuliza: hayo ya Australia yanatuhusu nini? Yanatuhusu mara mbili.

Ya kwanza, pori letu pia limemeza ndege. Na kwetu kuna kitu cha kuogopesha kuliko kutu: ni mitraye. Aluminiumu inauzwa kwa kilo. Bawa lenye numero linaweza kuwa sufuria kabla ya mutu yeyote kulisoma. Siwezi kumuhukumu baba mwenye anatafutia watoto chakula. Lakini wewe mwenye ulisoma, ukifika pale mbele ya nyundo, piga picha za numero zote. Picha haikamati feza ya mutu, na inaweza kuokoa jina.

Ya pili ni ushuhuda wa watu wa kijiji. Usiku wa 17 kuingia 18 Septemba 1961, ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mukuu wa Umoja wa Mataifa, ilitoka Léopoldville na kuanguka karibu na Ndola, ngambo ya mupaka wa Katanga. Alikuwa anaenda kuonana na Tshombe. Watu 16 wenye walikuwa ndani wote walikufa. Hapo jina la ndege lilijulikana mara moja. Chenye hakikujulikana ni sababu. Wachomaji wa makala wenye walikuwa mu pori usiku ule walisema waliona mambo mu anga, lakini tume ya wakoloni haikuwapatia uzito. Miaka makumi ikapita mbele watafiti warudi kuwauliza, na jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, mwenye Umoja wa Mataifa ulimupa dosie hiyo, akachukua ushuhuda wao kuwa wa maana. Wengi walikuwa wazee sasa, wengine walikuwa wamekufa. Ulungura wa Melville na wachomaji wa makala wa Ndola wanatufundisha kitu kimoja: muulize mwenyeji mapema, na uandike jina lake pembeni ya neno lake.

Na kuna faida ingine ya kujua. Southern Cloud haikuwa na redio. Ilikwisha kuruka wakati habari mupya ya hali ya anga ilifika, yenye kusema upepo na mvua kali viko njiani, na hakukuwa namna ya kumujulisha piloti. Juu ya hasara hiyo, redio ilianza kuwekwa ku ndege za abiria za Australia. Kujua nini iliua watu wa jana ndiyo kunachunga watu wa kesho.

Kwa hiyo, wandugu, ukikutana siku moja na chuma cheupe mu majani: usiguse, piga picha, andika fasi, soma numero, uliza wazee wa pale, kisha ujulishe polisi na wakubwa wa ndege za kiraia. Na wewe mwenye kazi yako ni biro, mwenye unaona kupanga dosie ni kazi ya watu wadogo: kumbuka yule karani wa hema na numero za bunduki zake. Hakujua mutu gani atamusoma. Aliandika sawasawa tu.

Kama mu kijiji chenu kuna mabaki ya ndege yenye wazee wanazungumuzia, tuandikie chini hapa fasi na hadisi yake. Tutazikusanya, maana nazo ni karatasi.